Moto Uliofundishwa Kuzunguka

Karakana yetu ilikuwa Kyebando, nyuma ya maduka ya barabarani, ndani ya banda la mabati lililokuwa ghala la maharage kabla sisi hatujalikodi. Mvua ikinyesha bado ungeweza kupata harufu ya maharage, ingawa sakafu yote ilikuwa nyeusi kwa vumbi la makaa ya mawe. Tulikuwa wawili: mimi, injinia niliyesomea mambo ya joto na mitambo, na fundi wa kuchomelea aliyetoka Bukavu, aliyekimbia vita akaja Kampala na mkewe na mashine yake ya kuchomelea aliyoifunga kwenye godoro. Yeye Luganda kilimshinda. Mimi Kifaransa sikijui. Basi tulifanya kazi yote kwa Kiswahili, kila mtu na chake: yeye chake cha Kongo, mimi changu cha kambini.

Kiswahili mimi nilikinyonya Mbuya, kwenye kambi ya jeshi iliyo kilimani. Baba alikuwa mwanajeshi, mtu wa Arua, fundi wa magari ya jeshi. Mama ni Mnubi wa Bombo, mwenye kuswali swala zake zote huku Baba akienda kanisani Jumapili. Hawakuwahi kugombana kwa ajili hiyo. Walichogombania ni chumvi. Baba alistaafu tukahamia nyumba ya kupanga chini ya kilima hicho hicho, maana alisema hawezi kulala mahali asipoweza kusikia tarumbeta ya asubuhi.

Kazi yenyewe ilitujia kwa njia ya mtu tuliyemwita Haji. Alikuwa na kiwanda cha vigae nje ya mji na ofisi ndogo Nakasero, juu ya duka la mashuka. Kwa miaka mingi alichoma vigae vyake kwa kuni. Kuni zikaanza kuwa adimu, akahamia makaa ya mawe yaliyoletwa kwa malori kutoka kusini mwa Tanzania. Mabonge yalichomeka vizuri. Tatizo lilikuwa lile vumbi linalobaki sakafuni mwa lori. Halikai juu ya wavu wa tanuri, linapita kwenye matundu kabla halijashika moto. Kwa hiyo lilirundikwa uani likawa kilima, na kila mvua iliponyesha, maji meusi yaliteremka mpaka kwenye viazi vya majirani. Majirani walikuwa wamekwisha kwenda kwa mwenyekiti wa mtaa kumshitaki.

"Injinia," Haji aliniambia pale ofisini, akinimiminia chai ya tangawizi, "mimi sitaki mashine ya kwenye picha. Nataka jiko linalokula vumbi. Linaweza kupatikana au nitafute mahali pa kuzika ule mlima?"

Nikamwambia linaweza. Kisha nikashuka ngazi nikasimama sokoni Nakasero katikati ya mafungu ya nyanya, nikijiuliza nimesema nini.

Kama hujawahi kuliona jiko la namna hiyo, wazo lake ni jepesi. Unachukua pipa nene la chuma, unalilaza, ndani unalijenga kwa matofali yanayohimili moto mkali. Hewa huipulizi katikati. Unaiingiza ubavuni, ikiteleza kwenye ukuta wa ndani, nayo kwa kukosa pa kwenda inazunguka na kuzunguka kama kimbunga. Vumbi la makaa ukilimwaga humo linabebwa na hewa, linatupwa ukutani, linazungushwa mpaka liungue lote. Joto linakuwa kali kiasi kwamba hata majivu yanayeyuka. Yanashika ukuta kama uji mzito, yanateremka taratibu, yanatoka kwa tundu lililoko chini. Kinachotoka upande wa pili ni moto safi, usio na majivu mengi wala moshi mwingi, na huo ndio unaoupeleka kwenye tanuri la vigae.

Wazo ni jepesi. Kulifanya litii ndiyo kazi.

Hatukuanza na moto. Tulitafuta pipa la plastiki linaloonyesha ndani, tukalitoboa ubavuni, tukafunga feni, na badala ya makaa tukatia pumba za mahindi ili tuone zinavyozunguka. Siku ya kwanza pumba zote zilitoka mbele kwa mkupuo, zikanijaa nywele, zikamjaa fundi masikio. Kuku wa jirani yetu, bibi mmoja mjane aliyeishi ukuta kwa ukuta na sisi, waliingia bandani wote kwa pamoja kama walioalikwa harusini. Fundi alicheka mpaka akakaa chini.

"Mama Injinia," alisema, "hii mashine tukishindwa kuiuza kwa Haji, tutaiuza kwa kuku."

Tukabadilisha pembe ya bomba la hewa, tukalibana mdomo, tukajaribu tena. Tulifanya hivyo kwa majuma mengi, tukibadilisha jambo moja kwa wakati. Kuku walinona. Halafu asubuhi moja pumba zikaingia, zikajipanga ukutani, zikawa utepe wa njano unaozunguka bila kukatika, na katikati ya pipa pakabaki peupe kabisa. Tulisimama tukiangalia. Ilikuwa kama kuangalia mtoto wako anasimama dede.

Pipa la chuma lilimchukua fundi muda mrefu, maana alikuwa mtu wa kukata mshono wake mwenyewe na kuurudia hata kama mimi nimeridhika. Mimi nilijenga matofali ya ndani, kazi niliyoipenda kuliko kuchora. Juu ya pipa niliweka kifuniko kizito kisichofungwa kwa boliti, kilichokaa tu kwa uzito wake. Kusudi lake ni moja: moto ukijaa kupita kiasi ndani, kiruke juu, nguvu iende angani badala ya kupasua pipa.

Baba alipenda kuja kuangalia. Alikuwa akikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, koti lake la mvua la jeshi mabegani hata jua likiwaka, akitazama bila kusaidia. Kazi hii hakuipenda. Katika miaka yake ya jeshi aliwahi kuona lori la mafuta likiwaka na watu aliowajua wakiwa ndani, na tangu hapo hata Mama akiwasha jiko la gesi yeye alikuwa akiondoka jikoni.

"Hii kitu ikikasirika," aliniuliza, "hasira yake itapitia wapi?"

Nikamwonyesha kifuniko, nikamwonyesha na mchoro.

Aliuangalia mchoro kwa heshima, akanirudishia. "Kwa karatasi kila kitu iko salama," alisema.

Moto wa kwanza tuliuwasha kwa dizeli kupasha matofali, kisha tukaanza kulisha vumbi kidogo kidogo kwa parafujo refu linalozungushwa na mota. Uliwaka. Ulinguruma kwa sauti nzito kama ya ndege iliyo mbali. Fundi alichungulia kwenye tundu dogo lenye kioo cheusi, akainua mkono: unazunguka. Lakini majivu yaliyoyeyuka yalipofika kwenye tundu la chini, yalipigwa na hewa ya nje yakaganda. Tulipozima na kupoza, tulikuta kipande cheusi kinachong'aa kama chupa, kimeziba tundu kama kizibo. Tulikivunja kwa nyundo na patasi. Mara ya pili vivyo hivyo. Mara ya tatu fundi akasema labda tundu ni refu mno, uji unapoa ukiwa njiani. Mimi nikakumbuka kwamba chokaa ikichanganywa na makaa inafanya majivu yayeyuke upesi zaidi. Tukafanya yote mawili. Tulifupisha tundu, tukasaga chokaa, tukachanganya.

Ikatiririka. Nyekundu, nzito, polepole, kama asali ya baridi, ikianguka ndani ya ndoo ya maji na kupasuka kuwa punje nyeusi. Nilimpigia Haji simu pale pale nikamwambia aje kuona.

Alikuja siku ya kazi, mchana, na kanzu nyeupe, jambo ambalo fundi alilisikitikia waziwazi. Tulimweka mbali, nyuma ya ukuta mfupi wa matofali tuliokuwa tumeujenga kwa ajili ya wageni. Nami nilikaa nyuma ya ukuta huo, kwenye swichi. Fundi alikuwa mbele, pembeni ya pipa, penye tundu la kuchungulia. Moto ulishika vizuri. Haji alikuwa akiniuliza jambo kuhusu bomba la kutolea moshi, nami nilikuwa nikimjibu nikiwa nimegeukia upande wake, niliposikia jenereta letu likikohoa.

Lilikohoa tu, kama mtu aliyepaliwa. Feni ikapungua sauti. Ngurumo ya moto ikakatika. Kisha jenereta likajikaza, feni ikarudi, na parafujo likaendelea kusukuma vumbi ndani ya pipa lenye joto lisilo na moto. Nilielewa kinachokuja. Niligeuka, mkono ukaenda kwenye swichi, na kabla haujafika, vumbi lote lile likakumbuka kuwaka.

Sijui niuelezeeje mshindo ule. Haukuwa mkali kama risasi. Ulikuwa mpana, kama mlango mkubwa uliobamizwa kifuani. Kifuniko kiliruka, kikatoboa paa, na mabati mawili yakang'oka yakaanguka ndani, upande wa pipa. Masizi yakajaa banda zima. Sikuona kitu. Masikioni nilisikia mlio mmoja mwembamba usioisha.

Nilizima kila kitu kwa kupapasa. Nikamshika Haji, akaniambia yuko mzima. Midomo yake niliiona ikisema hivyo. Nikaita, "Fundi!" Hakuna jibu. Nikaita tena. Masizi yakaanza kushuka nikaona mabati yaliyoanguka, na chini ya ukingo wake glavu moja ya ngozi, ile ya fundi, imekunjamana kama kiganja.

Nikayavamia mabati yale kwa mikono mitupu. Yalikuwa ya moto. Haji akaja na kanzu yake, akashika upande wa pili, mzee wa watu, tukainua, tukatupa. Chini ya la kwanza hapakuwa na mtu. La pili likanasa kwenye bomba. Nilikuwa nikivuta na kusema maneno ambayo siyajui mpaka leo. Haji baadaye aliniambia nilikuwa nikiomba kwa Kinubi, lugha ambayo naitumia na mama yangu tu. Nilimfikiria mkewe. Nilifikiria jinsi nitakavyosimama mlangoni kwake, Kiswahili gani nitamwambia, changu au chao.

Bati likatoka. Chini yake palikuwa na sakafu tu.

Hapo ndipo niliposikia, kama kutoka ndani ya maji, sauti ikipiga kelele nyuma yangu. "Mama Injinia! Mama Injinia! Uko muzima?"

Nikageuka. Fundi alikuwa amesimama mlangoni pa banda, safi kabisa, hana hata doa la masizi, mkononi ameshika bakuli la enameli lenye kifuniko. Nyuma yake mkewe amejishika kichwa.

"Ulikuwa wapi?" nilimfokea. Nilimfokea kweli, kama mama anayemfokea mtoto aliyevuka barabara.

"Ku mulango!" alisema. "Bibi yangu alifika na chakula, mulinzi akamukatalia kuingia, akanipigia simu. Nikatoka kidogo tu. Moto ulikuwa muzuri, Mama Injinia, ulikuwa unazunguka muzuri!"

Mlinzi wa lango la nje, mzee mkaidi tuliyezoea kumlalamikia, alikuwa ameambiwa na mimi mwenyewe asiruhusu mtu yeyote kuingia siku ya majaribio. Na mke wa fundi alikuwa amekataa katakata kumwachia bakuli, akisema mzee yule atakila mwenyewe.

Nikakaa chini palepale, juu ya masizi. Nilicheka, kisha nikalia, kisha sikujua nafanya lipi. Mke wa fundi alikuja akapiga magoti mbele yangu, akanifuta uso na ncha ya kitenge chake, akirudia, "Yupo, dada. Yupo. Muangalie, yupo." Fundi mwenyewe sasa alikuwa ameiona glavu yake na mahali alipokuwa amesimama. Haji akamshika bega akamkalisha. Akafungua lile bakuli. Ulikuwa ugali wa muhogo na dagaa. Akasema, "Kuleni. Mtu aliyeponea chupuchupu lazima ale." Tukala, sote wanne, kwa mikono michafu.

Nje watu walikuwa wamejaa. Yule bibi jirani alikuwa na nguo zake kwenye kamba, zote nyeusi, na kuku wake wamepanda juu ya mti wakagoma kushuka. Afande mmoja wa kike kutoka kituo cha polisi alifika akauliza nani mwenye mahali hapa. Nilikuwa bado namweleza, nikirudia kila sentensi kwa sababu masikio yangu yalikuwa bado yanalia, wakati pikipiki iliposimama na Baba akateremka.

Mtu alimpigia simu. Sikupata kujua nani. Alikuwa ametoka Mbuya mpaka Kyebando kwenye boda, yeye aliyezichukia boda, na koti lake la mvua lilikuwa limefungwa vifungo vyote hadi shingoni. Hakunikimbilia. Alisimama akaniangalia kuanzia kichwani mpaka miguuni, polepole, namna mafundi wa jeshi walivyokuwa wakikagua gari lililotoka safari. Kisha akamgeukia afande.

"Watu ngapi naumia?"

"Hakuna, Mzee," afande alijibu.

"Hakuna?"

"Hakuna hata moja. Ni bati tu, na nguo ya huyu mama."

Baba alivua kofia yake. Akaingia bandani, akalizunguka pipa, akaweka kiganja chake juu ya ubavu wake mahali palipokuwa pamepoa. Halikuwa limepasuka popote, wala mshono mmoja wa fundi haukuachia. Akainua macho kwenye shimo la paa, ambapo anga lilionekana la buluu kabisa. Aliporudi aliweka mkono juu ya kichwa changu, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu niko shule ya msingi.

"Imepita kwa mahali ulionyesha mimi," alisema. "Mimi nilifikiri wewe naongea tu."

Niliposikia hivyo, kitu kilichokuwa kimekaza mgongoni mwangu kwa miezi yote ile kililegea.

Tulifua nguo za jirani sisi wenyewe, mimi na mke wa fundi, jioni hiyo hiyo, tukabadilisha maji mara nyingi sana. Bibi alikaa kwenye kigoda akituelekeza. Hakutugombeza. Alichotaka kujua ni kama zile pumba zitaendelea kuja.

Haji nilitegemea ajitoe. Alikaa kimya siku chache, akaja tena, safari hii na suruali nyeusi. Alisema mambo mawili tu: jenereta libadilishwe, na yeye hatapokea mashine ambayo usalama wake unategemea mkono wa mtu kufika kwenye swichi. Nilimwambia nilikuwa nimekwisha kuchora. Tuliweka jicho: kifaa kidogo kinachoangalia moto kupitia tundu la kioo, na mwanga ukipotea tu, kinakata mota ya parafujo na kuacha feni ipulize mpaka vumbi lote litoke. Na tundu la kuchungulia tulilihamisha, likawa la kioo cha pembeni ambacho mtu anakiangalia akiwa nyuma ya ukuta.

Kisha ikaja sehemu ambayo fundi aliiita wazimu. Tulikuwa tukiwasha moto, tukiungoja uchangamke, na kuuzima kwa makusudi. Tulifunga hewa. Tulilifanya jenereta likohoe tena. Siku moja tulilifunika jicho kwa kitambaa. Kila mara nilijikunyata nyuma ya ukuta nikisubiri ule mlango mkubwa ubamizwe kifuani, na kila mara parafujo lilisimama, feni ikapuliza, kukawa kimya. Mke wa fundi alikuja siku moja akasimama pembeni yangu, mikono kiunoni, akasema hatoki mpaka aone kwa macho yake. Tukamzimia moto. Kimya. "Tena," alisema. Tukawasha, tukazima. Kimya. "Tena." Baada ya hapo aliguna, akajitwika beseni lake la biashara, akaenda zake. Siku hiyo fundi alichomelea akiimba nyimbo za kanisani kwao kuanzia mchana hadi tulipofunga.

Mashine tuliifunga kiwandani kwa Haji mwanzoni mwa kiangazi. Wafanyakazi wote walitoka kuangalia. Moto uliingia kwenye tanuri la vigae, na watu wakainua macho kwenye bomba la moshi wakingoja lile wingu jeusi walilolizoea. Walingoja sana. Juu ya bomba hewa ilikuwa ikicheza tu, kama inavyocheza juu ya barabara ya lami wakati wa jua. Msimamizi wa tanuri, mama mmoja mkubwa kutoka Gulu ambaye hakuamini lolote nililomwambia tangu asubuhi, alisema, "Imezima hii." Nikamwambia achungulie. Alichungulia, akarudi nyuma, akapiga mikono mara moja. "Banange! Jamani, inawaka!"

Sijidanganyi. Makaa ya mawe ni makaa ya mawe, na sasa hivi mimi na fundi tunajaribu maganda ya kahawa katika pipa dogo zaidi, maana yako tele na hayaji kwa lori kutoka mbali. Yana tabia zake mbaya, yanatusumbua. Lakini kilima cha uani kwa Haji kimepungua mpaka unaweza kuona ukuta wa nyuma, na mwenyekiti wa mtaa hajaitwa tena.

Juma la kwanza la kiwandani nililala vibaya, simu kando ya mto. Asubuhi moja nikiwa mezani na wazazi wangu ikaita, jina la msimamizi likatokea. Baba aliacha kutafuna. Nilipokea nikiwa nimesimama.

"Kuna nini, Mama?" niliuliza.

"Hakuna kitu, Injinia," alisema. Nyuma yake nilisikia ile ngurumo, nzito, isiyoyumba. "Nimeona nikuambie tu. Tumeamka nayo, inafanya kazi, watu wako sawa. Wewe umeamkaje?"

Nikamwambia nimeamka vizuri. Nikakaa, nikavuta kikombe changu. Chai ilikuwa bado ya moto.